Diaspora, kodi ya kutuma pesa sio shida yenu, shida ni ile nyumba mmejenga

Tangu Marekani ianze kukata asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje, Januari 1, 2026, magrupu ya Wakenya walio ng'ambo hayajatulia. Mara KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, nao wanakuja kukata yao, mara mwenye pasipoti ya Kenya atalipa kodi mara mbili, mara usitume kwa jina la mama tuma kwa jina la shangazi wasikujue. Nimezisoma hizo mesej na naona watu wanaogopa kitu kisichowagusa, na kile kinachowagusa hata hakitajwi. Msimamo wangu nauweka hapa juu ili tusizungushane: Kenya haikutozi kodi kwa sababu wewe ni Mkenya, wala haitozi zile pesa unamtumia mama, inakutoza kwa sababu ya kuwa mkazi, na sheria yetu ya nani ni mkazi imeandikwa vibaya kiasi kwamba mtu aliyejenga Kitengela akaja kula Krismasi siku 10 anaweza kuhesabiwa mkazi wa mwaka mzima pamoja na mshahara wake wote wa Dubai. Na anayeumia zaidi hapo sio yule wa Dallas anayepiga kelele, ni yule wa Riyadh ambaye amenyamaza.

Hiyo ya Marekani tuimalize haraka. Mei 2025 ilipoanza kuzungumzwa ilikuwa asilimia 5, ikashuka hadi 3.5, na sheria iliposainiwa Julai 4, 2025 ikabaki 1. Inamgusa anayelipia kwa keshi, kwa money order au kwa hundi ya benki. Ukituma kwa apu iliyounganishwa na akaunti yako ya benki ya kule au kadi ya debit iliyotolewa kule, hukatwi hata senti. Ukienda dukani na dola 200 mkononi unaongeza 2, basi. Hizo 2 zinaenda kwa serikali ya Marekani, KRA haina habari nazo. Na huku nyumbani, sheria ya kodi ya mapato haihesabu karo uliyomtumia mdogo wako kama mapato yake. Serikali iwe na wazimu gani mpaka iguse hapo, pesa za diaspora zilikuwa kama dola bilioni 4.9 mwaka 2024, zinaishinda chai, na nyingi zikifika zinanunua vitu vyenye VAT ya asilimia 16. Wanazikuta dukani hata bila kuzifuata kwenye simu.

Sasa tuje kwa sheria yenyewe. Kwenye Sura ya 470, yani Sheria ya Kodi ya Mapato, mshahara wa mtu mkazi unatozwa kodi hata kama kazi ameifanyia nje ya Kenya. Asiye mkazi anatozwa kile tu kilichotoka Kenya, yani renti, riba, gawio la hisa, biashara aliyo nayo hapa. Kwa hiyo swali lote ni moja, wewe ni mkazi au sio mkazi. Hapo watu wanakimbilia siku 183, hiyo namba imekuwa kama hirizi, kila mtu anakwambia mimi sijafikisha 183 kwa hivyo niko salama. Lakini 183 ni ya mtu ambaye hana nyumba ya kudumu Kenya, na hata huyo kuna hesabu nyingine inaweza kumnasa, ya wastani wa siku zaidi ya 122 ukichanganya mwaka huo na miwili iliyotangulia. Mwenye nyumba ya kudumu hana hesabu yoyote ya siku. Sheria inasema akiwepo Kenya kwa muda wowote ndani ya mwaka huo, ni mkazi. Muda wowote. Umekuja kumzika mzee siku 4 ukarudi kazini, umekuwa mkazi wa mwaka huo. Jirani yako mwenye ghorofa tano ambaye hakukanyaga Kenya mwaka mzima, huyo sio mkazi. Na nyumba ya kudumu ni ipi hasa, ile uliyojenga wewe, ama chumba chako kwa boma la wazazi, ama apatimenti uliyonunua ikapangishwa na sasa hata funguo huna, sheria haielezi. Imeachiwa ofisa na mahakama.

Tanzania wana kifungu kama hichohicho, nyumba ya kudumu pamoja na kuwepo sehemu yoyote ya mwaka. Uganda wamekaza zaidi, nyumba ya kudumu peke yake inatosha hata usipokanyaga, ila wao waliweka mlango wa kutokea, mshahara wa nje uliokwisha lipiwa kodi huko nje hawaugusi tena. Kufanana huku sio bahati. Nchi hizi tatu zilikuwa na sheria moja ya kodi ya mapato toka enzi za mkoloni, na wazo la kwamba mtu mwenye makao yanayomsubiri na akaja hata siku moja basi ni mkazi ni wazo la Waingereza. Kinachonikera ni kwamba Waingereza wenyewe walilitupa mwaka 1993. Na hata kabla ya hapo, toka 1956, walikuwa na msamaha kwa mtu anayefanya kazi ya kudumu nje ya nchi, kwamba nyumba yake ya Uingereza isiangaliwe. Sisi tulirithi kanuni, msamaha hatunao, na miaka zaidi ya 30 baada ya mwenyewe kuiacha bado tumeishikilia.

Kabla sijaendelea, kuna wanaosema shida ni uraia, eti pasipoti ndo inakufuata. Wanachanganya na Marekani. Nchi zinazotoza raia wake popote walipo kwa sababu tu ni raia ni chache mno, Marekani na Eritrea ndo zinatajwa kila mara. Eritrea inachukua asilimia 2 ya mapato ya watu wake walio nje, usipolipa ukihitaji karatasi ubalozini utajua hujui, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani jinsi kodi hiyo inavyotumika kwenye azimio lake la Desemba 2011. Marekani yenyewe inamtoza hata Boris Johnson, aliyezaliwa New York 1964 akaondoka mtoto, miaka mingi baadaye akajikuta anadaiwa kodi ya nyumba aliyouza London, akalipa kisha akaukana uraia wa Marekani. Hii inawahusu baadhi yenu kweli, lakini kwa upande mwingine: kama uliapa kuwa Mmarekani kisha ukarudi kuishi Nakuru, au mtoto wako alizaliwa Minnesota na sasa anafanya kazi Nairobi, huyo bado anatakiwa kufaili kule kila mwaka, hata kama msamaha wa mshahara wa nje wa dola 130,000 kwa mwaka 2025 unamfanya asilipe chochote, na akaunti zake za huku zikipita jumla ya dola 10,000 anatakiwa kuziripoti. Hilo ni deni la Washington. Ufilipino nao walikuwa wakitoza raia wao walio nje, wakaacha 1998. Kwa hiyo anayesema Kenya nayo ifuate Marekani ajue anafuata nchi ambayo ilipitisha sheria 2010 ya kukata asilimia 30 ya malipo yanayotoka Marekani kwenda kwa benki yoyote duniani inayokataa kuripoti wateja wake Wamarekani. Kenya itamtishia nani hivyo, benki gani ya Frankfurt itatetemeka?

Turudi kwa nyumba. Tuseme sheria imekushika, wewe ni mkazi. Aliye Uingereza au Ujerumani ana ngao mbili. Kwanza raia wa Kenya anaruhusiwa kutoa kodi aliyolipa nje kwenye ile anayodaiwa hapa kwa mshahara huohuo. Pili tuna mikataba ya kuzuia kodi mara mbili na nchi hizo, Canada pia, na mikataba hiyo ikikuta mtu ana nyumba huku na huku inauliza maisha yako yako wapi, familia, kazi, shughuli zako. Aliye Marekani ana ngao moja tu kwa sababu na Marekani hatuna mkataba huo, na asidhani amepona kabisa, maana Kenya inafika asilimia 30 mapema sana, mshahara ukipita shilingi 32,333 kwa mwezi, kwa hiyo anaweza kuwa amelipa kule asilimia 13 na huku bado kuna tofauti inadaiwa. Lakini wa Ghuba hana ile ngao ya kwanza, na wa Saudia hana hata ya pili, mkataba tunao na Qatar na Imarati. Saudia, Qatar, Imarati, hakuna kodi ya mshahara, na Oman iliyopitisha ya kwake inaanza 2028 kwa asilimia 5 na inagusa tu anayepata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, yaya hayumo. Hujalipa nje, huna cha kutoa, na kama huna mkataba deni la Kenya linakuja zima.

Chukua yaya wa Riyadh anayelipwa riyal 1,000 kwa mwezi, hiyo ni kama shilingi 34,000. Kwa viwango vyetu, 24,000 za kwanza asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, zilizobaki 30, ukitoa ile nafuu ya 2,400 ambayo mkazi anapunguziwa kila mwezi anabaki na kodi ya kama 2,600 kwa mwezi. Kwa mwaka ni karibu 31,000, anakaribia kufanya mwezi mzima kwa ajili ya KRA. Mwaka ambao hakuja kabisa, hadaiwi. Mwaka aliopewa likizo akaja kuwaona watoto kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyojenga kwao Bungoma, anadaiwa. Kwa maneno mengine tumemwekea bei kwenye tiketi ya kuja kuona watoto wake. Sisemi KRA wanamfuata leo, sijasikia hata mmoja aliyefuatwa hivyo, nasema sheria iko hapo na inaweza kuamshwa siku yoyote hazina ikibanwa.

Na wengi wenu mmeshajifunga wenyewe kupitia renti, hapa ndo pana utamu wa hii mada. Mkazi mwenye renti kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka analipa asilimia 7.5 toka Januari 2024, kabla ilikuwa 10. Asiye mkazi anakatwa asilimia 30 ya renti yote, bila kutoa mkopo wala ukarabati, na anayetakiwa kukata ni anayelipa. Ploti ya bedsita Juja ikiingiza 60,000 kwa mwezi, mkazi anatoa 4,500, asiye mkazi 18,000. Sasa niambie nani atajiita asiye mkazi. Wote wanalipa 7.5, keyateka anapokea kwenye M-Pesa, landilodi yuko Abu Dhabi, ritani yake ya kodi inaonyesha ni mkazi, na kila mtu anaona amefanya akili. Amefanya akili kwa renti. Lakini kwa kulipa kama mkazi ameiambia mamlaka kwa mkono wake mwenyewe kwamba ni mkazi, kisha kwenye ritani hiyohiyo mshahara wa Abu Dhabi haupo. Huwezi kuwa mkazi kwa ploti na mgeni kwa mshahara. Ofisa akiamua kuuliza, hana haja ya kuchunguza, ana sahihi yako.

Binamu yangu aliye Doha aliniomba nimwangalizie akaunti yake ya iTax, ule mtandao wa KRA wa kufaili, alipokuja Desemba. Pini yake ya kodi aliichukua akiwa chuo akiomba mkopo wa HELB, ikasajiliwa kama mkazi na hakuna aliyeibadilisha, na toka aondoke kuna kijana wa saiba Thika anamfailia nil kila Juni kwa shilingi 100 ili asipate faini ya 2,000. Yeye anaona nil ni kama kupiga muhuri, nimefika nimeripoti. Lakini nil ni tamko, unasema mwaka huu sikupata kitu. Kama mwaka huo hukuwa mkazi na huna renti wala kitu Kenya, tamko ni la kweli na uko sawa, ila ungefaili kwa fomu ya asiye mkazi. Kama ulikuwa mkazi, umesema uongo kwa shilingi 100. Huyu ana nyumba Ruiru na kila Desemba anakuja. Alinyamaza kidogo kisha akaniuliza kama kijana wa saiba ndo atashtakiwa.

Kuna hoja za upande wa pili na sio zote za kupuuza. Iliyo na uzito ni hii: daktari alisomeshwa na pesa ya umma, akaenda, nchi ikabaki na hasara, mchumi Jagdish Bhagwati alipendekeza tangu miaka ya 1970 kwamba wasomi wanaohama watozwe kidogo kufidia nchi zao. Tena raia aliye nje bado ana haki zake, anapiga kura kwenye baadhi ya nchi, mambo yakiharibika ubalozi unatakiwa kumtoa, toka 2022 wana hadi idara yao serikalini. Nakubali kuna deni fulani hapo. Ila kanuni ya nyumba hailikusanyi deni hilo. Daktari aliyesomeshwa na umma, akakaa Boston asijenge wala asirudi, haimgusi kabisa. Inamgusa yaya ambaye serikali haikumsomesha zaidi ya shule ya msingi, akajenga kwao, akarudi kuona watoto. Inamkosa aliyekata mguu na kumkamata aliyebaki na mapenzi ya kwao. Ukitaka kodi ya wasomi waliohama, itunge kwa jina lake, ijadiliwe bungeni tuione.

Upande wa diaspora nao una hoja mbovu kuliko zote, na ndo inayopendwa kwenye magrupu: sisi tunatuma pesa, serikali haitufanyii kitu, kwa hiyo tusitozwe chochote hata huko nyumbani. Hapana. Ploti yako ya Juja iko kando ya barabara iliyotengenezwa na kodi, hati yake inalindwa na mahakama ya Kenya, wapangaji wako wanakuja kwa sababu chuo kiko pale. Mapato yaliyozaliwa Kenya yalipe Kenya, hiyo ni haki popote duniani, hata Uingereza inamtoza asiye mkazi renti ya nyumba yake ya Leeds. Na kutuma pesa kwa mama sio kodi, ni mama. Ukichanganya hayo mawili unaipa hazina sababu ya kusema diaspora hawataki kulipa kitu, na wakishasema hivyo hakuna atakayesikiliza hoja ya nyumba ambayo ndo ya maana.

Watu wengine wanasema acha ilale, sheria isiyotumika haimdhuru mtu. Ingekuwa kweli zamani. Saudia, Imarati na Qatar ziliingia kwenye mfumo wa nchi kupeana taarifa za akaunti za benki kuanzia 2018, na Kenya ilitoa kanuni zake za mfumo huo 2023. Marekani haimo kwenye mfumo huo. Maana yake anayeonekana kwa urahisi zaidi tena ni wa Ghuba. Taarifa hiyo haionyeshi mshahara, inaonyesha salio na riba, lakini salio la milioni 3 kwa pini inayofaili nil linatosha kuanzisha barua.

India walipitia hii mwaka 2020. Bajeti yao ilileta kipengele cha kumhesabu mkazi raia asiyelipa kodi nchi yoyote, Kerala ikawaka kwa sababu watu wake wako Ghuba, waziri mkuu wa jimbo Pinarayi Vijayan akaandika barua Delhi, na wizara ya fedha ilikuwa imeshatoa ufafanuzi haraka kwamba mshahara wa Ghuba haulengwi. Kwao raia aliye nje kwa kawaida anaweza kuja kukaa karibu siku 181 bila kuwa mkazi, isipokuwa mwenye mapato makubwa ndani ya India. Afrika Kusini wamechukua njia nyingine, unabaki mkazi lakini ukifanya kazi nje zaidi ya siku 183, 60 kati yake zikiwa mfululizo, mshahara hadi randi milioni 1.25 hautozwi, hiyo dari waliiweka Machi 2020 na inamkamata meneja wa mafuta wa Dubai, sio yaya. Mimi naona hii ya Afrika Kusini inatufaa zaidi, inalinda wa chini na bado mkubwa analipa, na haihitaji tuanze upya kubishana nyumba ya kudumu ni ipi.

Muswada wa fedha unafika bungeni kila mwaka mwishoni mwa Aprili na unafunguliwa kwa maoni ya umma, na mnaojaza voisi noti za dola 2 za Marekani mngeweza kuandika ukurasa mmoja kuhusu hili. Ila muandike yote mawili kwa pamoja, mshahara na renti. Mkiomba tu kwamba mwenye nyumba anayefanya kazi nje asihesabiwe mkazi, mtapewa kwa furaha kubwa, na Januari inayofuata ile ploti ya Juja itahama kutoka 4,500 kwenda 18,000.